Kivuli na Jua Katika Mwili Mmoja

Yoga imekuwa neno la vinywa vingi. Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 21 Juni, kwa azimio lililopitishwa tarehe 11 Desemba 2014, na adhimisho la kwanza likafanyika 2015. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project, iliyoanza 2007, imewafundisha vijana wengi wa mitaa ya hali ya chini, na wengi wao wamekuwa walimu. Walakini umaarufu una tabia ya kuonyesha upande mmoja wa kitu na kuuficha wa pili. Mtu akisikia yoga hufikiri habari ya viungo vilivyopindwa na jasho lililomwagika. Ni nadra kufikiri habari ya mtu aliyelala kimya dakika tano, hafanyi lolote ila kujua kwamba anavuta pumzi.

Wachina wa kale walikuwa na maneno mawili yafaayo hapa. Yini, kwa asili yake, ni ubavu wa mlima ulio kivulini. Yangi ni ubavu uliopigwa na jua. Mlima ni mmoja, na jua likigeuka, kivuli nacho hugeuka. Mkazi wa Ilembo, katika mji wa Mpanda, hana haja ya kusafiri mpaka Uchina ili aelewe jambo hili. Mvua huanza yapata Novemba zikaendelea hadi Aprili, na nchi yote huwa kazini; kisha hufuata miezi ya ukavu, majani yakakauka na vumbi likatawala njia. Katika Hifadhi ya Katavi, kusini mwa mji, maji ya mto Katuma yapungukapo viboko hubanana katika madimbwi machache yaliyobaki, na mamba hujikusanya katika mapango ya udongo kingoni, wakatulia humo wakingoja mvua. Hapana amwitaye mamba mvivu kwa sababu hiyo.

Yoga ya upande wa jua, ile ya kuinuka, kuinama na kuruka mkao hadi mkao kwa kufuata pumzi, haina umri mkubwa kama wengi wanavyodhani. Sura yake ya sasa ilipata nguvu Bara Hindi katika karne ya 20. Huko Mysore, katika miaka ya 1930, T. Krishnamacharya aliifundisha, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo B. K. S. Iyengar na Pattabhi Jois, walioieneza duniani. Maandiko ya kale yanayohusishwa na Patanjali, yenye semi fupi karibu 200, yanautaja mkao wa mwili katika semi chache sana. Shabaha yake kubwa ni kuituliza akili. Yoga ya upande wa kivuli, kwa jina la yini, ni changa zaidi. Paul Grilley, Mmarekani, alijifunza kwa Paulie Zink, aliyekuwa stadi wa sanaa za Kichina. Naye Sarah Powers akaiunganisha na tafakuri ya Kibudha, akaitolea kitabu 2008. Humo misuli hulegezwa, na mkao mmoja hukaliwa dakika tatu, tano au zaidi, ili nyonga na kiuno vivutwe polepole.

Jambo la tatu ndilo liunganishalo haya mawili. Waingereza wana neno lao, lakini Kiswahili kilikwisha kuwa na usemi unaotosha: kuhudhurisha moyo. Maana yake ni kujua lililopo wakati lipo, bila kulikimbia wala kuling'ang'ania. Wabudha wameliandika katika mafundisho ya Kipali, wakaanza na mwili: mtu ajue kwamba anatembea atembeapo, kwamba amelala alalapo. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn aliyatoa mafundisho hayo katika mavazi ya dini akayaingiza hospitalini kwa wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi. Kozi yake ya majuma 8 ilikuwa na kukaa kimya, kuupitia mwili kwa fikira kiungo kwa kiungo, na yoga pia. Basi kuvichanganya si uzushi wa jana.

Lakini kuchanganya ni kwa kipimo, na kipimo hakiandikwi kitabuni. Alikuwapo Ilembo mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane wa mwaka mmoja, aliyelima mahindi na mpunga kwa jembe la mkono. Kiuno kilimuuma, na usingizi ulimkimbia. Mpwa wake, binti aliyejifunza yoga Dar es Salaam, alikuja kumtazama wakati wa palizi, akamtandikia mkeka uani alfajiri, akamwonyesha mfululizo wa kulisalimu jua.

"Shikamoo mjomba. Tuanze kwa kuamsha mwili."

"Marahaba, mwanangu. Mwili huu huamshwa na jembe kila siku. Labda unifundishe kuulaza."

Binti alicheka, asiyatie maneno yale maanani. Siku nne mjomba aliinama na kuinuka pamoja naye, kisha akaenda shambani akainama tena mpaka adhuhuri. Siku ya tano hakuweza kufunga kamba za viatu. Hapo ndipo binti alipofahamu kwamba somo alilolipata lilikatwa kwa kipimo cha watu wa mjini, wakaao kitini kutwa, na kwao kutoka jasho ni dawa. Mkulima wa Ilembo wakati wa palizi amekwisha kupewa yangi yake yote na shamba. Alilopungukiwa ni kivuli.

Zoezi likahamishwa jioni. Mjomba alilala chali, miguu ameiegemeza ukutani. Kisha alikaa nyayo zikikutana na magoti yakianguka pembeni. Kisha alipiga magoti, akaketi juu ya visigino na kulaza kifua juu ya mto wa pamba. Kila mkao dakika tatu, na kazi moja tu: kuifuata pumzi, na fikira ikipotea, kuirudisha bila kujikemea. Kiuno kilianza kulegea. Moyo haukulegea. Juma la pili, akiwa amelala chali gizani, kimya kilimletea yale ambayo kelele za mchana zilikuwa zikiyafukuza: sauti ya marehemu mkewe, chumba cha hospitali, maneno ambayo hayakupata kusemwa. Aliinuka ghafula akatoka, asirudi mkekani siku tatu.

Hili ni jambo ambalo wasifuji wa utulivu hulipita haraka mno. Kukaa kimya si starehe kwa kila mtu, na kwa mwenye msiba mpya au kumbukumbu ya hofu huweza kuwa mzigo. Kumwambia mtu wa namna hiyo avumilie tu ni ukatili uliovaa joho la hekima. Binti alitumia akili. Alimtaka mjomba aache macho wazi na taa iwake. Akapunguza dakika tatu zikawa moja. Badala ya pumzi, akampa sauti za nje asikilize, vyura na watoto wa jirani. Kisha akamwambia kwamba huzuni ikizidi, ainuke atembee uani polepole, akihesabu unyayo unavyogusa ardhi. Kwa hiyo ule upande wa jua ulirudi, lakini sasa ukiwa mlango wa kutokea kivulini. Mtu aliyejua kwamba mlango upo hakuogopa tena kuingia. Alilia jioni nyingi, na baadhi ya jioni hizo alilala usiku mzima.

Majirani hawakunyamaza. Mmoja alisema kwamba yoga ni ibada ya Kihindu iliyoingizwa kwa siri. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani mizizi ya yoga kweli imo katika dini za Bara Hindi, na afichaye hilo hamtendei haki mwanafunzi wala dini hizo. Mjomba, aliyekuwa Mkatoliki, hakutamka dua ngeni yoyote, akabaki na rozari yake. Mzee wa Kiislamu wa jirani alitoa neno lililomkaa moyoni: kwamba katika sala kuna kuinama na kusujudu, lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamehesabu utulivu katika kila mkao kuwa nguzo, na anayedonoa kama kuku hajasali. Mzee hakusema kwamba mambo haya ni mamoja. Alisema kwamba haoni ajabu mwili kufundishwa kutulia.

Kuhusu tiba, ahadi ziwe ndogo. Mwaka 2017 chama cha matabibu wa Marekani, American College of Physicians, kilitaja yoga na kozi ile ya Kabat-Zinn miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Faida iliyoonekana ni ya kiasi, si muujiza. Habari za mikondo ya nguvu ipitayo mwilini, ambazo walimu wa yini hupenda kuzisimulia, hazijathibitishwa na sayansi. Maumivu makali au ganzi ni amri ya kuacha mkao, na mwenye shinikizo la damu asining'inize kichwa chini kwa muda mrefu.

Binti aliporudi Dar es Salaam, mjomba alijitungia kalenda yake. Katika miezi ya jembe hulala mkekani jioni tu, nusu saa, barazani mvua isimofika. Mavuno yakiisha na mwili ukaanza kukaa chini ya mwembe kutwa, hugeuza: alfajiri hulisalimu jua mara 6, taratibu, na kimya hukipunguza kikawa dakika 10. Mwaka juzi alizifanya mara 12, akaona ni nyingi.