Muongo wa Mwongozaji, Muongo wa Steringi

Ukimtaja Francis Ford Coppola mbele ya wapenda sinema wa Glasgow, umeshajipatia nusu ya ushindi. Kati ya 1972 na 1979 jamaa alitoa The Godfather, The Conversation, The Godfather Part II na Apocalypse Now. Filamu nne, na mbili kati ya hizo ni za mwaka mmoja, 1974. Swali linalowaweka watu hawa mezani hadi usiku, kwenye baa yoyote iliyo karibu na Glasgow Film Theatre, ni lilelile: mwongozaji gani alikuwa na miaka kumi bora kuliko wenzake wote? Wa Coppola wakimaliza, wanaingia wa Hitchcock na miaka yake ya hamsini: Rear Window, Vertigo, North by Northwest. Kisha mtu mpole aliyekaa pembeni anakohoa kidogo na kusema, "Kurosawa." Rashomon 1950, Ikiru 1952, Seven Samurai 1954, Throne of Blood 1957. Hapo meza inatulia.

Naupenda ubishi huu, ingawa ilinichukua muda kuuelewa. Hakuna anayepandisha sauti. Hakuna anayesema "acha uongo." Mtu asiyekubaliana nawe kabisa anakuambia hoja yako inavutia, halafu anatoa simu, anafungua Letterboxd na kukuonyesha orodha aliyoipanga mwenyewe, namba 1 hadi 50. Orodha ndiyo silaha. Jarida la Sight and Sound limekuwa likiwauliza wahakiki filamu bora ya wakati wote kila baada ya miaka kumi tangu 1952, na watu wa huku wanayajua matokeo yake kama sisi tunavyojua mabingwa wa ligi. Citizen Kane ilishika namba moja kuanzia 1962, Vertigo ikaing'oa 2012, na 2022 ikaja Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, mwanamke wa kwanza kukaa juu. Kuna waliofurahi na kuna walionuna, lakini wote walikuwa wanabishana juu ya jina la mwongozaji.

Mbalizi hatujawahi kulijua swali hilo, na si kwa sababu hatubishani. Mji wetu uko barabarani, ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma. Malori hayakauki, viazi vinashuka kutoka Umalila, na kijiwe hakikosi mtu mwenye la kusema. Miaka ya tisini baba yangu mdogo alikuwa na banda la video, kibanda umiza halisi: kuta za mabanzi, dirisha limezibwa kwa gunia, mabenchi, runinga moja, deki moja, na spika iliyomsumbua kila jirani. Nje palikuwa na kibao cheusi cha chaki. LEO SAA 8: KOMANDO, ANORD. SAA 12: SHAOLIN, KIPARA. Jina la picha, jina la steringi, basi. Kama ungemwambia mteja kwamba Commando ya 1985 iliongozwa na Mark Lester, angekuuliza huyo Lester anampiga nani.

Sheria zilikuwa chache na kila mtu alizijua. Steringi hafi. Adui mkubwa anabaki mwisho. Picha isiyo na mafunzo ni ya kitoto. Baadaye zilipokuja kanda za kutafsiriwa, za Derek Mukandala, yule tunayemwita Lufufu, ikaongezeka sheria ya nne: picha ikipita kwenye mdomo wa Lufufu inakuwa ya Lufufu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, na huko nako mambo ni hayohayo. Aliyeandika, aliyeongoza na aliyepiga picha wote wanamezwa na sauti ya anayekusimulia kwa lugha yako. Mwalimu mmoja wa filamu huku, nilipomweleza hayo, alisikitika kana kwamba nimemsimulia wizi. Mimi sikuona wizi. Niliona watu waliompa sifa yule waliyemsikia akifanya kazi.

Na tofauti kubwa si majina. Glasgow hoja inajengwa kwa tarehe na orodha. Mbalizi inajengwa kwa mwili. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba picha fulani ni kali, anasimama, anavua koti hata kama kuna baridi, na anakuonyesha. Picha iliyoonyeshwa hivyo kuliko zote ni ile ya kipara wa Shaolin, The 36th Chamber of Shaolin ya 1978. Gordon Liu anaingia hekaluni na kupita chumba baada ya chumba akifundishwa, na katika kimoja anabeba ndoo za maji mikono imenyooka, visu vimefungwa mikononi ili asithubutu kuishusha. Watoto tuliotumwa bombani tulijifunga vijiti badala ya visu, tukabeba ndoo kama yeye. Maji yalifika nyumbani nusu, na fimbo ilifika nzima.

Wazee wa kijiweni walilisema jambo ambalo baadaye nimelikuta kwenye vitabu vya wahakiki: kwamba picha ile imejaa mafunzo, kisasi chenyewe kimepewa nafasi ndogo, na ndiyo maana ni tamu. Walikuwa wanauhakiki uamuzi wa mwongozaji, kwa usahihi kabisa, bila kujua kwamba yupo.

Jina lake ni Lau Kar-leung. Nililisoma kwa mara ya kwanza nyuma ya kasha la diski, Glasgow, nikiwa mtu mzima. Baba yake alijifunza ngumi za Hung Gar kwa Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung. Kabla ya kuongoza, Lau alikuwa mpangaji wa mapigano katika studio ya Shaw Brothers huko Hong Kong, akifanya kazi na mwongozaji Chang Cheh, ambaye katika picha zake steringi aliweza kufa vibaya, tumbo wazi na damu kifuani. Lau alipopewa kamera yake mwenyewe alikwenda njia nyingine. Katika Heroes of the East, nayo ya 1978, kijana wa Kichina anapambana na mabingwa wa Kijapani mmoja baada ya mwingine, na hafi mtu hata mmoja. Chanzo cha vita yote ni ugomvi na mkewe.

Basi siku moja zamu yangu ilipofika mezani, niliwaambia: Lau Kar-leung, 1975 hadi 1984. The Spiritual Boxer, Challenge of the Masters, Executioners from Shaolin, The 36th Chamber, Heroes of the East, My Young Auntie, Legendary Weapons of China, The Eight Diagram Pole Fighter. Kwa uchache. Coppola alitoa nne. Wakaniambia inavutia. Mmoja akaongeza kwamba Lau ni mkubwa "katika aina yake," na hapo nikaelewa kwamba meza ile ina kona ya kuwekea watu, na anayewekwa konani hahesabiwi. Ousmane Sembène yumo kwenye kona nyingine, ya Afrika, ingawa kutoka La Noire de... ya 1966, kupitia Mandabi na Emitaï, hadi Xala ya 1975, ana miaka kumi ambayo sioni mtu wa kumwonea aibu. Manmohan Desai hata kona hana. Mwaka 1977 peke yake alitoa picha nne, Amar Akbar Anthony ikiwemo, na nyimbo za picha hiyo zimeimbwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi kuanzia Tanga hadi Kyela.

Lakini nisiwapendelee wa nyumbani. Kutomjua mwongozaji kuna gharama, na gharama hiyo wanailipa waongozaji wetu.

Fikiria ile The Eight Diagram Pole Fighter. Alexander Fu Sheng, mmoja wa masteringi wake, alikufa kwa ajali ya gari Julai 1983 kazi ikiwa haijaisha. Banda la baba mdogo lilipoionyesha, watu walilalamika kwamba kanda imekatwa, kwa sababu mtu wanayemfuata anapotea katikati na harudi. Haikukatwa. Lau aliibadilisha hadithi, akamwachia Gordon Liu mzigo wote wa mwisho, na picha ikatoka kali kuliko watu walivyotarajia. Steringi alikufa, picha ikabaki, kwa sababu palikuwa na mtu nyuma ya kamera ambaye studio ilimjua na ilimwamini.

Sasa litazame soko letu. Mwaka 2003 Mkenya George Tyson alituongozea Girlfriend, na ukurasa mpya ukafunguka. Mussa Banzi akaja na Nsyuka, jina linalomtisha yeyote aliyelelewa na bibi wa Kinyakyusa, kisha Shumileta. Nani kati ya wateja aliyanunua majina hayo? Kava lilikuwa na nyuso: Kanumba, Ray, Johari, JB. Steven Kanumba alikuwa steringi kweli, mtu aliyekwenda hadi kwa Wanigeria na Dar 2 Lagos, akamleta Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, Mbalizi maduka ya kanda yaliweka picha yake mlangoni, na kijiweni watu walisema Bongo Muvi imekufa naye. Tulisema hivyo kwa uchungu, lakini pia kwa sababu hatukuwa na jina jingine la kulishika. Watu waliomwongoza, waliomwandikia na waliohariri walikuwapo bado, hai, na hakuna aliyekuwa anawangoja.

Biashara nayo ilikwenda vivyo hivyo. Msambazaji alimlipa mtayarishaji mara moja, akachukua haki zote, na alichonunua ni uso wa kwenye kava. Mwongozaji anayelipwa mara moja hana mauzo yanayomfuata, hivyo anakimbilia kazi nyingine wiki inayofuata. Hapo utapata picha kumi kwa mwaka, lakini hupati miaka kumi ya mtu anayekua. Na aliyeikwepa njia hiyo alisubiri. Kati ya Mama Tumaini ya 1986 na Maangamizi ya 2001, kazi mbili ambazo Martin Mhando aliziongoza pamoja na wenzake wa nje, kuna miaka 15. Ukimpeleka kwenye meza ya Glasgow watakuuliza muongo wake uko wapi. Kwa nchi gani, na kwa fedha za nani?

Mtu wa kwetu ambaye leo ningethubutu kumpeleka kwenye mashindano yao, kwa sheria zao, ni Amil Shivji. Shoeshine 2013, Samaki Mchangani 2014, T-Junction iliyofungua tamasha la ZIFF 2017, na Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, iliyoonyeshwa Toronto 2021 na kupelekwa na Tanzania kugombea Oscar, jambo ambalo nchi ilikuwa haijalifanya tangu Maangamizi. Kampuni yake inaitwa Kijiweni Productions, na natamani vijiwe vingejua. Nilipomsimulia baba mdogo habari zake kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa: steringi nani?

Banda halipo tena. Siku hizi vijana wanaingiziwa muvi kwenye flashi au wanazitazama kwenye simu, sizoni za Kikorea na za Kituruki, na kijiwe kimehamia kwa bodaboda wa stendi. Baba mdogo anauza vifaa vya pikipiki na bado anabishana. Nilimtumia WhatsApp orodha yangu yote ya Lau, na miaka yake, nikimwambia huyu ndiye aliyelilipia banda lako mabati. Akanijibu kwa sauti, ndefu, magari yakipiga honi nyuma yake.

"Gwe, mwanangu, mtu mwenyewe alikuwa anapigana, au alikuwa anakaa kwenye kiti?"

Nikamwambia anapigana. Nikamkumbusha Drunken Master II ya 1994, pale mwanzoni, Jackie Chan anapopambana na mzee mmoja chini ya treni, mikuki na panga. Mzee yule ndiye Lau, na picha ni yake.

Kimya kidogo, kisha sauti ya pili. "Yule mzee wa chini ya treni? Sasa si ungesema mapema. Yule namjua." Nikadhani nimeshinda. Ikaingia ya tatu. "Lakini umeniandikia 1975 mpaka 1984. Mtu aliyepigana vile mwaka tisini na nne, na uzee wake, unamkatiaje themanini na nne? Nani amewaambia huko kwamba miaka ni kumi?"

Nimeipeleka hoja hiyo mezani Glasgow. Wamesema inavutia.