Mimweko ya Setilaiti Zilizokufa katika Somo la Mwanga

Wakufunzi wenzangu wa sayansi huniuliza kwa nini nafundishia vyombo vilivyokufa. Chombo kilichokufa hakileti habari zake chenyewe. Hapana budi kuzipata kwa kukitazama na kuhesabu, na kazi hiyo ndiyo wanachuo wetu wanayoikosa wanapokariri matokeo ya majaribio ya watu wengine.

Kiasi cha kilomita 35,786 juu ya Ikweta, setilaiti huizunguka Dunia kwa muda ule ule ambao Dunia hujizungusha, hivyo huonekana kana kwamba imesimama. Ikikaribia kuishiwa mafuta, husukumwa kilomita 300 hivi juu zaidi ili isizuie zilizo hai. Telstar 401 ya Marekani haikupata nafasi hiyo. Ilikatika mawasiliano ghafla tarehe 11 Januari, 1997, ikabaki katika njia ile ile, ikiyumba huku na huko karibu na longitudo 105 magharibi. (Mahali pengine pa namna hiyo ni longitudo 75 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi, mbele ya macho yetu.) Watazamaji wa kujitolea waligundua kwamba inatoa mimweko: sehemu zake bapa, zikipinduka, hufanya kazi ya kioo. Mtazamaji huyo ana darubini, saa na daftari. Huandika wakati wa kila mweko, kisha hugawanya.

Ugumu umo katika kugawanya. Nilibandika karatasi ya kung'aa pande zote mbili za kadibodi, nikaitundika gizani mbele ya tochi. Mwanachuo mmoja aliyejificha nyuma ya ubao aliizungusha kwa kijiti akifuata saa. Kundi moja lilipata sekunde 4 kwa mzunguko, jingine sekunde 8, na mimweko waliyohesabu ilikuwa ile ile! Ubishi ulichukua kipindi kizima. Mwenzangu aliyeketi nyuma alinishauri nimwite yule aliyejificha atoe jibu, ili muda usipotee. Sikukubali. Kesho yake msichana mmoja alipaka masizi upande mmoja wa kadibodi, na mimweko ikapungua nusu.

Setilaiti haipakwi masizi. Mtazamaji huangalia kama mweko mkali hufuatwa na hafifu, kisha mkali tena. Hapo hushuku kwamba anaona pande mbili zisizolingana.

Jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba muda wa mzunguko wenyewe hubadilika, ingawa huko juu hakuna hewa ya kuukwamisha. GOES 8, iliyorushwa mwaka 1994 na kustaafishwa mwaka 2004, ina paneli za jua upande mmoja tu, na msukumo mdogo wa mwanga wa Jua huweza kuiharakisha au kuipunguza kasi kadiri miaka inavyopita. Wanachuo wengi walikataa kabisa kwamba mwanga husukuma. Nilifurahi, maana walikuwa wamekwisha kuliandika neno hilo katika madaftari yao bila kulikataa.

Katika jaribio la mwisho wa muhula niliwapa orodha ya nyakati za mimweko. Msichana yule wa masizi aliandika: sekunde 6, au 12, mpaka nijue ukali wa kila mweko. Mwongozo wa kusahihishia ulitaka namba moja. Nilimpa alama zote, na suala hilo sasa liko mbele ya kikao cha idara.