Siku Tatu na Bibi Harusi Wetu



Leo hatukuleteeni mishono wala mapishi ya futari. Tunaleta kisa cha safari yetu, sisi marafiki wanne tuliosoma skuli moja, tukakaa madawati mawili yanayofuatana, na mpaka leo tukiwa na miaka thelathini na kitu bado tunaitana "shoga". Mmoja wetu ni mwalimu, mmoja muuguzi, na mmoja ni fundi cherahani mwenye duka la mabaibui Mwanakwerekwe, ndiye anayeshika kalamu. Wa nne ni bibi harusi. Haya yote ameyasoma kabla yenu, na yeye ndiye aliyesema yaandikwe. Majina tumeyaacha.

Tuseme ukweli: urafiki wetu ulikuwa umebaki wa shughuli. Tunaonana harusini, tunaonana hitmani, tunaonana tunapokwenda kumpa mtu mkono wa pole. Kila tukikutana tumevaa sare, tumejipamba, na mmoja ana haraka ya kurudi kwa watoto. Tukikaa kuhesabu, mara ya mwisho sisi wanne kucheza pamoja, kucheza hasa, ilikuwa Sikukuu ya utotoni, tumeshika hela zetu za Idi tunakimbilia pembea za Kariakoo.

Kwa hivyo tulianza kibubu. Shilingi 150,000 kila mwezi, kila mtu, mwaka mzima. Tulikuwa tukisema tutakwenda mahali, lakini mahali penyewe hatukupataja. Kisha mwenzetu akaja kuposwa na kijana wa kwetu anayefanya kazi Muscat. Nikaha ikapangwa Mfunguo Mosi, na baada ya nikaha anahamia huko. Tukatazamana: kama si sasa, basi tena.

Fundi wetu kila mwaka kabla ya Ramadhani huenda Dubai kuchukua vitambaa vya Idi. Safari hii akasema, "Twendeni sote. Siku moja ya sokoni, siku moja ya kucheza, siku moja ya kupumzika." Suala la maharimu hatukulipuuza. Mume wa mwalimu alikuwa na shughuli zake za spea za gari Sharjah, tukasafiri naye, na kaka wa bibi harusi anaishi huko huko Sharjah, akatupokea. Kila mmoja wetu alikwenda kwa ruhusa ya kwao. Wenye suala hili muulizeni mwanachuoni mnayemwamini. Sisi tunasema tuliyoyafanya tu.

Kabla ya kuondoka, fundi alikaa na cherahani usiku mmoja. Baibui pana halifai kwenye vigari vinavyokimbia juu ya reli, maana pindo linaweza kunasa. Alitushonea suruali pana na juba la kufika chini ya magoti, lililopasuliwa pembeni na kufungwa kwa vifungo vya kubonyeza, na mitandio ya kitambaa cha jezi inayovaliwa kwa kuingiza kichwa, bila pini hata moja. Mtakaokwenda mahali kama hapo, shikeni hilo la pini. Upepo wa mbio ukiing'oa pini, huijui itachoma jicho la nani.

Siku ya kwanza tulizunguka Deira mpaka miguu ikavimba. Nida, krepu, shifoni, mizigo ikafungwa. Siku ya pili kaka wa bibi harusi akatupakia garini, mwendo wa saa moja hivi mpaka kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kwenye bustani ya michezo ya Ferrari World. Ilifunguliwa mwaka 2010. Ukiwa mbali unaona paa jekundu kubwa mno, na karibu michezo yote iko chini ya paa hilo, ndani ya baridi ya viyoyozi. Kuna vigari vya taratibu vya kuwazungusha katika mfano wa miji ya Italia, na humo mwalimu wetu alitaka tukae mpaka jioni.

Mwenzetu bibi harusi hakutaka Italia. Alitaka Formula Rossa. Hiyo ni rola kosta inayotoka nje ya paa, ikarushwa mpaka mwendo wa kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya mbio kuliko zote duniani. Abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho na mchanga. Tulisimama tukaitazama ikipita, tukasikia ile sauti, na sisi watatu tukasema hatupandi. Muuguzi akataja presha. Mwalimu akataja watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina.

"Basi nishikieni mkoba," akasema. Akapanga foleni peke yake.

Tulimsubiri kama mama anayemsubiri mtoto nje ya chumba cha mtihani. Safari yenyewe haifiki hata dakika mbili. Alipotoka, uso wote umelowa machozi. Tukadhani ni upepo. Tukacheka, tukamwambia si tulikukataza. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye benchi, akapokea mkoba wake, akasema:

"Pale juu nimetoa shahada, wallahi. Lakini si hilo. Kabla hatujaondoka, yule kijana anayekagua mikanda, Mkenya, amenisikia nikisoma Bismillahi akanijua ni Mswahili. Akanikaza mkanda, akarudi akaukagua tena, akaniuliza, 'Dada, uko sawa?' Nimelia hapo hapo, hata gari halijatoka. Miaka sita nilikuwa ndani ya ndoa ile, hakuna aliyeniuliza hivyo."

Lazima tukurudisheni nyuma kidogo. Hii ni ndoa yake ya pili. Ya kwanza aliolewa tukiwa wasichana, na gauni lake lilikuwa kazi kubwa ya kwanza ya fundi wetu baada ya kumaliza mafunzo ya ushonaji. Miaka sita baadaye alikwenda kwa kadhi, ndoa ikavunjwa, na sisi tukashangaa kama walivyoshangaa majirani. Tukasema mbona hakutwambia.

"Niliwaambia," alisema pale benchini. Hakupandisha sauti. "Nilikuja kwenu nikasema nyumba inanishinda. Mkanijibu, 'Mvumilivu hula mbivu.' Nilikuja tena, mkaniuliza pazia nimenunua wapi. Mkaniuliza lini nitapata mtoto. Uko sawa, hamkuuliza."

Dada zetu, hatuna la kujitetea. Tulikumbuka. Fundi wetu alikumbuka zaidi, maana siku moja aliletewa baibui na huyu mwenzetu, limechanika begani, pale mkono unapoungana na mwili. Mtu aliyekaa na vitambaa anajua nguo iliyonaswa na msumari inavyochanika, na nguo iliyovutwa inavyochanika. Ile ilivutwa. Uzi wote wa mshono umekatika na kitambaa kimetoka nyuzi. Aliitazama, akajua, akaishona. Akamwambia, "Haya shoga, kama mpya." Hata hela hakuchukua. Alidhani kutochukua hela ndiyo wema.

Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Tukaenda chumba cha sala cha wanawake, humo humo ndani ya bustani. Kwa kuwa tulinuia siku tatu tu za safari, tulipunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Tuliposalimu hakuna aliyenyanyuka. Tukamwomba radhi, sisi watatu, kila mtu kwa kinywa chake na kwa kosa lake. Fundi akalitaja lile baibui. Yeye akajibu, "Nililiweka. Sikulivaa tena, lakini nililiweka." Kisha akasema ametusamehe siku nyingi, ila hakuweza kutwambia, maana sisi wenyewe hatukujua kama kuna la kusamehewa.

Tulikaa humo muda mrefu kuliko tulivyokaa kwenye mchezo wowote. Akatusimulia ya miaka ile sita. Hayo hatuyaandiki. Na akatwambia anachokiogopa sasa. Huyu anayemuoa ana sifa njema, kaka yake amemuulizia msikitini kwake na kazini kwake, na sisi hatumdhanii ila kheri. Si yeye anayemtia hofu. "Naogopa nitakuwa Muscat," alisema, "na nikisema neno, mtaniambia nivumilie kwa simu."

Tulipotoka, muuguzi wetu mwenye presha akasema, "Twendeni tukapande lile gari." Tukadhani anatania. Tukapanga foleni wote wanne. Yule kijana bado alikuwepo zamu. Akatukaza mikanda, akakagua, na kila mmoja akamuuliza: uko sawa? Mwalimu akamjibu, "Siko sawa hata kidogo, lakini twende." Yaliyofuata hatuyajui vizuri, maana tulifumba macho. Tunajua kwamba mitandio ya jezi haikutikisika, alhamdulillah, na kwamba mwalimu alilia jina la mama yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye picha tumepanua vinywa kama vifaranga. Wa pekee aliyefungua macho ni bibi harusi.

Wako watakaouliza, wanawake watu wazima na mambo ya pembea wapi na wapi? Tunawakumbusha kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na mara nyingine, mwili ulipomwongezeka, akashinda Mtume. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud. Mchezo wenye stara haumpunguzii mtu heshima. Sisi tumeona kwamba bila ya mchezo ule tungeendelea kuonana harusini, tumependeza, na hakuna anayejua lililomo moyoni mwa mwenziwe.

Magharibi tuliisali Msikiti wa Sheikh Zayed, uliofunguliwa mwaka 2007. Una kuba 82, na zulia la ukumbi mkubwa limefumwa kwa mkono na mafundi wa Iran, ukubwa wake zaidi ya mita za mraba 5,600. Mtu wa cherahani akiambiwa mkono umepita juu ya kila nyuzi ya kazi kubwa kama hiyo, huona mabaibui yake ni mchezo wa watoto. Tukaomba dua hapo, kwa ajili ya nikaha yake na kwa ajili yetu pia, tuwe watu wa kuambiwa jambo.

Siku ya tatu ilikuwa ya kupumzika Sharjah kwa kaka yake, kula, kulala, na kupanga. Haya tuliyoyapanga tunakupeni, huenda yakamfaa bibi harusi mwengine na marafiki zake.

Kwanza, kila Ijumaa mmoja wetu kwa zamu atampigia simu, na suali la kwanza si "bwana hajambo" wala "umepika nini". Ni "wewe uko sawa?" Kisha tunanyamaza, tunasubiri jawabu.

Pili, tumeweka neno letu, la kawaida tu, ambalo akilisema hata mbele ya watu sisi tutajua kuna jambo. Akilisema, kaka yake anapigiwa simu siku hiyo hiyo, na hakuna atakayemuuliza maswali ya kumhukumu. Neno lenyewe hatulitaji hapa, mtusamehe.

Tatu, kibubu hakikuvunjwa. Tunaendelea kuweka, safari hii kwa jina lake: nauli ya kurudi nyumbani. Tunaomba aitumie kuja kusalimia na kucheza na watoto wetu. Lakini iwepo.

Nne, neno "vumilia" tumeliweka mbali na midomo yetu mpaka tusikilize kwanza. Subira ni ibada, nasi tunaipenda. Lakini dini yetu imewaamrisha mume na mke wakae kwa wema au waachane kwa wema, na dhulma haikutiwa kwenye fungu lolote kati ya hayo mawili. Mtu akikujia na baibui lililochanika begani, usikimbilie sindano. Muulize.

Na nyinyi mabibi harusi, mnapoandika orodha ya sare, piko, ukumbi na biriani, andikeni na majina ya watu wawili watatu mtakaoweza kuwaambia ukweli. Waambieni mapema kwamba wao ndio. Sisi hatukuambiwa, na hatukujiuliza.

Sasa gauni liko mezani limeshakatwa, krepu nyeupe kutoka Deira. Mwenyewe ameomba shanga chache tu, na mikono mirefu yenye nafasi ili aweze kuwakumbatia watu bila ya kuogopa mshono. Fundi ameshona bega mara mbili.

Mwenyezi Mungu aijaalie ndoa yake iwe ya mapenzi na huruma, na awape nyote marafiki wa kukuulizeni. Wabillahi tawfiq.