Mwaka wa Nusu Mbolea

Wasee, hii stori inaanzia kwa shamba letu la chai huku Bomet, inateremka hadi baharini. Nivumilieni.

Mwaka wa 2022 bei ya mbolea madukani ilipita shilingi 6,000 kwa gunia la kilo 50. Baba akanunua nusu ya ile tumezoea. Chai inapenda nitrojeni, ikikosa majani yanakuwa manjano. Yetu yakawa manjano. Kilo zikapungua kituoni, pesa nazo zikapungua. Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four, nangoja chuo. Baba akaniambia, "Utakaa mwaka mmoja." Nilikasirika hadi nikaacha kumsalimia asubuhi.

Nilipofika chuo hatimaye, tukafundishwa kuhusu Prochlorococcus. Hii ni sianobakteria ya baharini, inaishi hadi kwa Bahari Hindi yetu, kule ndani ambako nitrojeni na fosforasi ni kama hakuna. Ni ndogo kiasi kwamba wanasayansi waliijua miaka ya 1980 tu, na ndiyo nyingi kuliko kiumbe kingine chochote kinachojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Inatoboa aje?

Kwanza, udogo wenyewe. Mwili ukiwa mdogo, ngozi inakuwa kubwa ukilinganisha na tumbo, kwa hivyo inanasa hata chembe chache zinazopita. Pili, imetupa jeni nyingi isizohitaji. Tatu, mahali wengine wanaweka fosforasi kwa utando wa seli, yenyewe inaweka salfa, maana salfa imejaa baharini.

Najua watu wa motisha washaanza kushika kalamu: "Fanya makubwa kwa kidogo ulichonacho!" Hapana. Hiki kidudu hakifanyi makubwa. Chakula kikipungua, kinakua polepole. Na wingi nao si baraka kila saa. Mto Sondu unatoka nyanda zetu za chai hadi Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Udongo na mbolea zikisombwa na mvua, pamoja na maji taka ya miji, binamu zake kina Microcystis wanashiba, wanazaana hadi ziwa linakuwa kijani. Wengine wana sumu. Wakioza, samaki wanakosa oksijeni.

Basi nikamfikiria baba. Alipunguza palipopunguzika: mbolea, sukari, na mwaka wangu mmoja. Karo ya dadangu hakuigusa, na mwaka huo wote hakufukuzwa shule hata siku moja. Mimi sikuliona hilo. Niliona yangu tu.

Lakini pia sitawadanganya. Sianobakteria haina kijana anayelala macho wazi akiona wenzake wakipost picha za chuo. Ule mwaka uliniuma, na bado unauma.

Disemba nilirudi nyumbani. Sikumpa baba somo la bakteria. Asubuhi nilimsalimia, "Chamgei," nikabeba kikapu, tukaingia shambani.

Wewe je, kwenu mlipunguza nini, na ni nani alilipa?