Novemba 24, Shangani: Swali la mtoto mbele ya picha ya Freddie Mercury

Jumapili ya Novemba 24, 2024, saa nne asubuhi, nilisimama kwenye Barabara ya Kenyatta, Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikiwa nimemshika mkono mtoto wa dada yangu. Ana miaka 11 na yuko darasa la tano. Tulivuka na boti kutoka Dar es Salaam siku moja kabla, jioni tukala urojo na mishkaki Forodhani, na usiku alilala akiimba vipande vya nyimbo za Queen alizozisikia kwenye simu ya baba yake. Ndiyo maana nilimleta. Nilitaka aone alikotokea mtu mwenye ile sauti.

Tarehe sikuichagua kwa bahati. Kwa wanaofuatilia historia ya muziki, Novemba 24 ni siku nzito. Mwaka 1991, jioni ya siku hiyo, Freddie Mercury alifariki nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na miaka 45. Siku hiyohiyo alifariki pia Eric Carr, mpiga ngoma wa kundi la Kiss la Marekani, aliyekuwa na miaka 41 na aliyekuwa akiugua saratani ya moyo. Habari za kifo cha Carr zilimezwa na zile za London. Na ilikuwa Novemba 24, mwaka 2019, ndipo makumbusho haya ya Shangani yalipofunguliwa.

Ndani ni vyumba vya kawaida vya nyumba ya Mji Mkongwe, na kutani zimetundikwa picha na maelezo. Mtoto wangu alipita akisoma kwa sauti. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na baba alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akaanza kupiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Alirudi kisiwani mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza.

“Kwa hiyo alikuwa anaongea Kiswahili?” akaniuliza.

Nikamwambia mtoto aliyekulia mitaa hii lazima alikisikia kila siku. Akacheka. Tukaendelea hadi tukafika kwenye miaka ya mwisho, na hapo akasimama.

“Mama mdogo, alikufa na nini?”

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kila wiki naandika kuhusu chanjo, shinikizo la damu, uzazi wa mpango na Virusi vya Ukimwi (VVU). Nimewauliza madaktari maswali ambayo watu wengi wangeona haya kuyauliza. Lakini pale nilijikuta nikisema, “Aliumwa kifua.”

Sikuwa nimedanganya kabisa. Kilichomuua Freddie Mercury ni nimonia, na nimonia ni ugonjwa wa mapafu. Ila nimonia ile ilitokana na Ukimwi, ambao ulikuwa umevunja kinga ya mwili wake. Niliisema nusu ya kweli, na niliitambua mara tu iliponitoka mdomoni, kwa sababu nimekua nayo nyumbani.

Sebuleni kwa mama yangu kuna picha ya mjomba, mdogo wake mama, amevaa shati la maua na ameshika redio kaseti. Alifariki mwaka 2001, nikiwa mdogo kiasi kwamba nakumbuka redio kuliko sura yake. Mgeni akiuliza, jibu ni lile lile: kifua. Mjomba alipenda sana kanda za Remmy Ongala, ukiwemo wimbo wake wa “Mambo kwa Soksi” uliohimiza kondomu, ambao Radio Tanzania haikutaka kuupiga. Watu waliupata kwenye kanda na kumbini. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipounganisha mambo mwenyewe: kukonda, mkanda wa jeshi, kifua kikuu kisichopona. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniambia.

Mtoto hakuridhika. Alikuwa ameshasoma maelezo ya ukutani.

“Hapa wameandika Ukimwi.”

Nikamwomba tukae pembeni, nikaanza upya. Nikamweleza kwamba Freddie aligundulika kuwa na ugonjwa huo mwaka 1987, akaendelea kuimba na kurekodi, na hakuwaambia mashabiki. Magazeti ya Uingereza yalimwinda na wapiga picha wakakesha nje ya nyumba yake. Novemba 23, 1991, ikatolewa taarifa yake fupi kwamba amepimwa, ana VVU na anaumwa Ukimwi, na kwamba alikaa kimya ili kulinda faragha ya watu wake wa karibu. Siku moja baadaye akafariki.

“Siku moja tu?”

“Siku moja tu.”

Sijawahi kumlaumu. Wakati ule hapakuwa na tiba ya kuwaokoa wagonjwa. Mchanganyiko wa dawa uliobadilisha hali ulianza kutumika mwaka 1996. Kutangaza mapema kusingemwongezea uhai, na kungemletea kejeli zaidi, kwa sababu watu walikuwa tayari wanamsema kuhusu uhusiano wake na wanaume. Hata hapa Zanzibar jina lake limewahi kuleta ubishi. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya jumuiya ya kidini kuipinga.

Lakini nikamweleza pia kuhusu mwanamuziki mwingine, wa Uganda. Philly Lutaaya alikuwa akiishi Sweden. Mwaka 1989 alirudi kwao na kutangaza hadharani kwamba ana Ukimwi, wakati ambapo mtu maarufu kusema hivyo lilikuwa jambo lisilosikika katika nchi zetu. Wapo waliosema anatafuta soko la muziki wake. Akazunguka mashuleni na makanisani akiimba na kuzungumza na vijana, hadi alipofariki Desemba 15 mwaka huohuo. Alipata miezi michache ya kusema, na aliitumia.

Mtoto akanyamaza kidogo. Kisha akauliza nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo.

“Na yule babu wa kwenye picha kwa bibi? Yeye na kifua chake?”

Ningeweza kumjibu. Ila niliona jibu lile ni la mama yangu, dada wa marehemu, aliyemuuguza. Nikamwambia, “Hilo tumuulize bibi mwenyewe.”

Mchana, tukisubiri boti bandarini Malindi, nilimpigia dada kwanza, kisha nikampigia mama. Nilimweleza tulikokuwa na kilichoulizwa. Alikaa kimya kwa muda hadi nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, “Miaka yote hiyo nilikuwa namfichia aibu. Sasa namfichia nani? Mleteni.”

Wazazi wengi wananiandikia wakisema mtoto bado mdogo, nitamwambia akikua. Naielewa hofu hiyo, nimeionja Shangani. Lakini hali ya leo si ya 1991, wala si ya 2001 alipofariki mjomba. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004. Anayezitumia ipasavyo anaweza kuishi miaka mingi, na kiwango cha virusi kikishuka hadi kutoonekana kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Mama mwenye VVU anayetumia dawa anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Kwa hiyo siku hizi ukimya una gharama ambayo Freddie hakuwa nayo. Anayeogopa kupima huchelewa dawa iliyopo. Mtoto anayemezeshwa vidonge kila siku bila kuambiwa sababu, siku moja huviacha, hasa akifikia ujana.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2011, linashauri mtoto wa umri wa kwenda shule anayeishi na VVU aambiwe hali yake, na aambiwe pia hali ya mzazi au mlezi wake. Walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo, kadiri wanavyoelewa. Mtoto wa miaka mitano anatosheka kujua kwamba dawa inawalinda askari wa mwili wake. Wa miaka kumi anaweza kulisikia jina la ugonjwa, jinsi unavyoambukiza na jinsi usivyoambukiza. Usisubiri alisikie kwa jirani au alisome ukutani kama wangu. Na kama hujui pa kuanzia, wahudumu wa kliniki za huduma na matibabu wamezoea kuwasaidia wazazi kwenye mazungumzo haya, hivyo waombe.

Tulifika kwa mama usiku. Chakula kilikuwa mezani lakini hakukipakua. Aliishusha ile picha ukutani, akaifuta vumbi kwa upande wa khanga, akamkalisha mjukuu wake karibu naye.

“Huyu alikuwa mdogo wangu,” akaanza. “Alikuwa anapenda muziki kuliko kula. Aliumwa Ukimwi, na mimi ndiye niliyemuuguza.”

Mtoto akauliza kama alikuwa akiimba vizuri. Mama akacheka, akasema hapana, alikuwa na sauti mbaya kabisa, lakini hakuwahi kujua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akimtaja mjomba na kucheka.