Kugeuza Picha: Fikra Itangulie Mashine

Mwanafunzi aonapo uso mmoja ukigeuka kuwa mwingine katika sinema, hudhani kompyuta imefanya yote. Sisi tufundishao sanaa hatuna budi kuiondoa dhana hiyo mapema. Katika filamu ya Willow ya mwaka 1988, mnyama aligeuka mnyama mwingine hadi akawa mwanamke. Mwaka 1991, video ya wimbo wa Michael Jackson, Black or White, ikaonyesha nyuso za watu wa asili mbalimbali zikibadilikiana. Katika kazi hizo ni binadamu aliyeamua jicho hili liwe jicho lipi.

Kwa hiyo somo letu twalianza kwa karatasi na penseli. Mwanafunzi huchora samaki na jahazi, huweka nukta 10 katika kila picha, kisha huzipanga jozi: pezi na tanga, mdomo na omo. Halafu huchora picha ya tatu, kila nukta ikiwa nusu ya njia. Hapo huzaliwa kiumbe asiyepata kuonekana duniani. Jozi zikibadilishwa, naye hubadilika.

Ndipo twendapo kwenye kompyuta. Mashine huirudia kazi ile ile kwa hatua nyingi, ikivuta maumbo na kuchanganya rangi. Pasipo jozi hizo, picha moja hufifia tu juu ya nyingine, mithili ya vivuli viwili. Hata katika ulimwengu wa kubuni wenye vipimo vitatu, kwa kawaida nukta za maumbo yote mawili sharti zilingane idadi.

Aliyekwisha kuunda uso usiokuwepo hadanganyiki upesi na uso wa kughushi. Hiyo ndiyo faida tunayomtakia kila mwanafunzi.