Leicester: Mfalme Aliyelala Chini ya Magari

Mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, wengi wetu twaujua kwa misikiti yake na kwa jamaa waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki. Safari hii tuliuzuru kwa haja nyingine: kuliona kaburi la Mfalme Richard wa Tatu.

Mfalme huyu aliuawa vitani tarehe 22 Agosti 1485, akiwa na umri wa miaka 32, akazikwa kwa haraka katika kanisa la watawa mjini humo. Mwaka 1538 nyumba ya watawa ilifungwa, kisha kanisa likabomolewa na kaburi likapotea. Ikavuma kuwa mifupa yake ilitupwa mtoni.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walianza kuchimba tarehe 25 Agosti 2012, katika uwanja wa kuegesha magari. Siku hiyohiyo wakaikuta mifupa ya miguu. Kaburi lilikuwa fupi kuliko maiti, wala hapakuwa na dalili ya jeneza au sanda. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda, na fuvu lilikuwa na majeraha 9.

Nani basi angeshuhudia kuwa ndiye? Mwanawe wa halali alifariki kabla yake. Wataalamu wakaifuata nasaba ya dada yake, Anne, kutoka mama hadi binti, karne baada ya karne, hata wakamfikia seremala mzaliwa wa Kanada aishiye London. Vinasaba vyake vikalingana na vya mifupa ile. Tarehe 26 Machi 2015 mfalme alizikwa upya katika kanisa kuu la mji, ndani ya jeneza lililotengenezwa na seremala huyohuyo.

Pale alipofukuliwa pamefunikwa kwa kioo. Waingiao hushusha sauti zao, nasi tulifanya hivyo.

Ndugu wasomaji, taji halikumhifadhia mfalme huyu hata alama ya kaburi. Aliyemtambulisha ni umbu lake, kwa kuwa majina ya wajukuu wa kike yaliandikwa. Wazee wetu wamelala Unguja, Mombasa na Lamu. Wengine tumewazika huku ugenini. Je, watoto wetu waweza kumtaja mama wa bibi yao, na mahali alipozikwa? Tuwaulize wazee wangali hai, na tuandike.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia. Amin.